Joyce Ndalichako: mtaalamu wa mitihani aliyepewa kiti cha uamuzi

Desemba 23, 2015, Rais John Magufuli alijaza wizara alizokuwa ameziacha wazi alipotangaza baraza lake la kwanza la mawaziri. Huku Kigoma watu walipigiana simu. Wizara mbili nzito zilikuwa zimekuja nyumbani kwa mkupuo mmoja: Fedha kapewa Dk. Philip Mpango wa Buhigwe, Elimu kapewa Joyce Ndalichako wa Kasulu. Wote wawili ni watu wa chuo. Mpango alifundisha uchumi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kabla ya kwenda Benki ya Dunia na baadaye Tume ya Mipango. Ndalichako ni mtaalamu wa upimaji katika elimu, na wazazi wa nchi nzima walikuwa wanalijua jina lake tangu akiwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Mitihani, NECTA. Bungeni hawakuingia kwa kura za jimbo. Waliingia kwa zile nafasi kumi za uteuzi wa Rais.

Mpango alifika mbali zaidi, hadi Makamu wa Rais mwaka 2021, ndiyo maana ndiye anayeandikwa sana. Mimi kisa cha Ndalichako ndicho kinachonivuta. Nimefundisha Hisabati sekondari hapa Kasulu, kwa hiyo sijifanyi mtazamaji wa mbali. Sababu kubwa zaidi ni kwamba suala moja, la mstari wa kufaulu na kufeli ukae wapi, lilipita mikononi mwake mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa mtaalamu asiye na kiti cha siasa, na uamuzi wa baraza lake ukafutwa. Mara ya pili alikuwa waziri, na suala likaisha ndani ya wiki chache. Visa vya wasomi walioingia siasa viko vingi Tanzania, ila ni nadra kupata ambacho mtu ni yule yule, suala ni lile lile, na kilichobadilika ni cheo.

Alichosomea

Udaktari wake aliupata Chuo Kikuu cha Alberta, Canada, mwaka 1997, katika saikolojia ya elimu upande wa upimaji. Mwaka huo huo yeye na Todd Rogers wa chuo hicho walichapisha makala katika jarida la kitaaluma la upimaji, wakilinganisha nadharia tatu za kutoa alama katika maswali ya kuchagua jibu.

Anayesikia hivyo anaweza kuuliza, kuna nadharia gani katika kuhesabu vema na kosa? Ipo. Chukua mtihani wa maswali 40, kila swali lina majibu manne. Mtoto asiyejua kitu, akizungusha penseli tu, atapata kama maswali 10 kwa bahati. Je, 10 yake ni 10 au ni sifuri? Chukua wengine wawili, kila mmoja kapata 20. Wa kwanza kapata 20 rahisi, wa pili kakosa kadhaa rahisi lakini kapata yale magumu yaliyowashinda wenzake. Ukihesabu vema, wako sawa. Ukitumia nadharia nyingine inayotazama ugumu wa kila swali, hawako sawa hata kidogo. Msomi wa fani hii anaishi na swali hilo, na jambo la kwanza analojifunza ni kwamba alama haitoki kichwani mwa mtoto peke yake. Inatoka kwenye karatasi, kwa msahihishaji, na kwa yule anayeamua kwamba kuanzia hapa ni A na kuanzia pale ni F.

Huyo wa mwisho ndiye atakayetuhusu. Karatasi inatungwa na walimu, inasahihishwa na walimu. Mstari unachorwa na mwenye madaraka.

NECTA, kabla ya dhoruba

Alishika ukatibu mtendaji katikati ya miaka ya 2000, na wakati wenyewe ulikuwa mgumu. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulikuwa umeanza 2004, na kila kata ikaambiwa ijenge shule. Wilayani Kasulu wananchi walifyatua matofali, wakachanga, kuta zikasimama. Walimu hawakufyatuliwa kwa kasi ile. Serikali ikaleta waliofunzwa kwa muda mfupi, ambao mtaani walibatizwa "voda fasta", na shule ikawa na walimu watatu, wa sayansi hayupo, maabara ni chumba chenye meza. Wanafunzi wa shule hizo walianza kufika kidato cha nne kwa maelfu, na mtihani wao ulikuwa ule ule wa watoto wa Kibaha na Ilboru, shule za vipaji maalumu.

Chini yake baraza lilijenga sifa ya ukali. Maelfu ya watahiniwa walifutiwa matokeo kwa udanganyifu, na walimu wasimamizi walijua kwamba karatasi mbili zinazofanana kosa kwa kosa zitaonekana Dar es Salaam. Mwaka 2012 darasa la saba likaingia kwenye fomu za OMR zinazosomwa na mashine, Hisabati nayo ikawa ya kuchagua herufi. Walimu wenzangu wa msingi walitumia muda mwingi kufundisha kuweka kivuli kuliko kufundisha sehemu: penseli ya HB, usitoke nje ya kisanduku, ukifuta futa paishe kabisa. Kulikuwa na watoto wenye mikono ya jembe ambao fomu ile nyembamba iliwachanikia mezani. Kwamba aliyeleta utaratibu huo ni mtu aliyeandika utafiti wa maswali ya kuchagua haikuwa bahati mbaya. Alijua kuliko yeyote faida zake na mipaka yake. Baadaye karatasi ya Hisabati ikarudishiwa maswali machache ya kuonyesha njia, na nadhani ilikuwa sahihi.

Mwaka huo huo wa 2012 likatokea jambo lililomuumiza zaidi kuliko OMR. Alama za somo la maarifa ya Uislamu kidato cha sita zilikokotolewa vibaya. Baraza lilikiri kosa na kurekebisha, lakini jumuiya za Kiislamu zilikuwa zimeshapaza sauti na maandamano yakamtaka ajiuzulu. Ukitoka Kasulu ukashuka hadi Ujiji, utakutana na wazee ambao hadi leo wakitajiwa NECTA wanalikumbuka hilo kwanza. Mtaalamu wa vipimo anaweza kuvumilia kulaumiwa kwa ukali. Kosa la hesabu ni jambo jingine, maana linagusa hasa kile anachosema anakijua.

Februari 18, 2013

Siku hiyo Waziri wa Elimu, Dk. Shukuru Kawambwa, ambaye naye alikuwa mhadhiri wa uhandisi kabla ya siasa, alitangaza matokeo ya kidato cha nne ya 2012. Zaidi ya watahiniwa 240,000 walikuwa wamepata divisheni ziro, daraja la waliofeli. Iliripotiwa kwamba wengine waliandika mashairi ya bongo fleva kwenye karatasi za majibu.

Kasulu mjini wenye simu za intaneti walikuwa wachache. Tulijazana kwenye duka moja lenye kompyuta mbili, jenereta inanguruma nyuma ya ukuta, mwenye duka anatoza kwa kila shule anayoifungua. Ukurasa wa NECTA hauna mapambo: namba ya mtahiniwa, jinsia, jumla ya pointi, safu ya DIV, kisha masomo. Macho yote yalikuwa kwenye safu ya DIV. Ziro, ziro, nne, ziro, ziro, ziro, nne. Mzazi mmoja, mkulima wa maharage, alimtafuta binti yake kwa kidole hadi akamfikia.

"Mwalimu, hii F ya Hisabati ni ya ngapi?"

"Haijaandikwa, mzee wangu. Wanaweka herufi tu."

"Sasa nitajuaje kama alikuwa karibu?"

Ni swali zuri kuliko mengi yaliyoulizwa bungeni miezi ile. F inaweza kuwa ya 5 na inaweza kuwa ya 28, na mwaka unaofuata ile ya 28 inaweza isiwe F tena, bila mtoto kuongeza neno moja kwenye karatasi yake.

Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume chini ya Profesa Sifuni Mchome. Mwanzoni mwa Mei serikali ikaliambia Bunge kwamba matokeo yamefutwa, alama zipangwe upya. Tatizo lililoelezwa lilikuwa kwamba mwaka huo NECTA ilitumia viwango vipya vya madaraja, vilivyokazwa mahali pamoja, badala ya utaratibu wa zamani wa kusawazisha alama kulingana na hali ya mtihani wa mwaka husika. Mwisho wa Mei matokeo mapya yakatoka, ufaulu ukiwa kama asilimia 43.

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu watu hugawanyika haraka: ama Ndalichako alionewa, ama alivuna alichopanda. Kwangu tume ilikuwa na hoja. Huwezi kubadilisha kipimo shule zikiwa hazijui. Mfanyabiashara akija sokoni Kasulu na kudai gunia la lumbesa, lililojazwa kupita kipimo, baada ya mkulima kukubali bei ya gunia la kawaida, tutamwita mwizi, hata kama lumbesa lenyewe limepimwa vizuri. Upande wa pili, tangu Februari hadi Mei hakuna mtoto aliyejifunza kitu. Karatasi ni zile zile, mwandiko ni ule ule. Makumi ya maelfu waliondoka kwenye ziro kwa sababu mstari ulihama. Baraza lililokuwa limesema "hawa hawajui" likaagizwa kuandika kwamba baadhi yao wanajua, na Katibu Mtendaji wake akatekeleza. Alikuwa na shahada ya udaktari katika jambo hilo hilo. Haikumsaidia, kwa sababu katika meza ile hoja ya kitaaluma ilikuwa moja kati ya kadhaa, na nzito zaidi ilikuwa wazazi wa watoto 240,000.

Mstari unaendelea kuhama

Mwaka 2013 ukaja mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, na elimu ikapewa malengo ya ufaulu ya kupanda mwaka hadi mwaka, kidato cha nne kifike asilimia 80 ifikapo 2015. Ukimwekea mtu lengo la asilimia, na yeye mwenyewe ndiye anayeshika rula, usishangae rula ikifupika. Profesa Mchome, sasa Katibu Mkuu wa wizara, Oktoba 2013 alitangaza viwango vipya: A kuanzia 75, B+ kuanzia 60, B kuanzia 50, C kuanzia 40, D kuanzia 30, E kuanzia 20, na F ni chini ya hapo. Ilitangazwa pia kwamba divisheni ziro itabadilishwa kuwa divisheni ya tano, kisha serikali ikarudi nyuma, ziro ikabaki. Staff room yetu ilicheka siku nzima, kicheko cha uchungu.

Ndalichako aliondoka NECTA mwaka 2014. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka huo yakatoka kwa sura nyingine kabisa: divisheni hakuna, kuna GPA, yaani wastani wa alama, na wanafunzi wamegawanywa kwa distinction, merit, credit na pass. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuoanisha sekondari na vyuo. Divisheni ilikuwa na ugeni wake, kwamba namba ndogo ndiyo bora: masomo saba, A ni pointi 1, F ni 5, hivyo bora kabisa ni 7 na mbaya kabisa ni 35. GPA iligeuza, kubwa ndiyo bora. Tatizo ni kwamba mzazi wa Heru Juu alikuwa anaijua divisheni tangu enzi za kaka zake. Ukimwambia mwanao kapata 1.4, atakuuliza kafaulu au hakufaulu, na wewe mwalimu utaanza kuzungukazunguka. Ufaulu uliotangazwa ulikuwa karibu asilimia 70.

Kisha ikaja ile Desemba 23.

Januari 2016 waziri mpya aliitaka NECTA, taasisi aliyoiongoza kwa miaka mingi na ambayo sasa iko chini yake, ieleze ilihamaje kutoka divisheni kwenda GPA na kwa faida gani ya kitaaluma. Maelezo hayakumridhisha. Kabla mwezi haujaisha GPA ilikuwa imezikwa, na Februari matokeo ya kidato cha nne ya 2015 yakatoka kwa divisheni. Madaraja nayo yalipangwa upya: A kuanzia 75, B kuanzia 65, C kuanzia 45, D kuanzia 30, chini ya hapo F. B+ ikafa, E ikafa.

Ona maana yake kwa mtoto mmoja. Mwenye 62 alikuwa na B+, sasa ana C. Mwenye 42 alikuwa na C, sasa ana D. Mwenye 25 alikuwa na E, ambayo angalau ilikuwa na uhai, sasa ana F. Wengi tulitarajia ufaulu uporomoke kama 2012. Haukuporomoka, ulishuka hadi karibu asilimia 68. Anayetaka kumsifu atasema hiyo ni kazi ya mtu anayejua mahali pa kuweka mstari ili kipimo kikaze bila kuua. Anayetaka kumlaumu atasema hakuwa mkali kama alivyojitangaza, kwa kuwa 30 kati ya 100 si jambo la kujivunia popote. Mimi naona yote mawili yanaweza kuwa kweli, lakini lililo muhimu zaidi ni jinsi ilivyofanyika. Hapakuwa na tume, wala mjadala wa miezi. Mtu mmoja mwenye ujuzi alipewa kiti, akaamua. Mwaka 2013 ujuzi huo huo bila kiti haukuweza kulinda matokeo kwa miezi mitatu.

Hilo ndilo ninalolisoma katika kisa hiki. Kwetu hoja ya msomi haiwi sera kwa sababu imeshinda nyingine. Inakuwa sera pale mwenye hoja anapoteuliwa. Na uamuzi uliopatikana kwa uteuzi unaweza kuondolewa kwa uteuzi mwingine, kama GPA yenyewe ilivyoingia na kutoka.

Kiti kinapombana aliyekikalia

Wanaompenda husimulia Januari 2016 na kuishia hapo. Miezi minne tu baadaye, mwishoni mwa Mei, wanafunzi 7,802 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi pale Chuo Kikuu cha Dodoma waliamriwa kuondoka, baada ya wahadhiri kugoma kuwafundisha kwa madai ya malipo. Wengi walikuwa vijana waliotoka kidato cha nne, na wamebeba mabegi stendi usiku. Baadaye walichujwa kwa ufaulu wao, wachache wakarudi Dodoma, wengi wakapangiwa vyuo vya ualimu vya serikali. Kwamba mwalimu wa sayansi aandaliwe chuo cha ualimu ni hoja inayoeleweka. Namna walivyoondolewa haikuwa ya kiualimu.

Zito zaidi lilikuwa la wasichana. Juni 2017, akiwa Chalinze, Rais Magufuli alisema mwanafunzi aliyepata mimba hatarudi shule ya serikali katika utawala wake. Wizara ya Elimu ilikuwa ya Ndalichako. Msimamo huo ukawa wa serikali nzima, na mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 500 kwa ajili ya sekondari ulicheleweshwa hadi Machi 2020, mimba za wanafunzi zikiwa katikati ya mvutano. Mkoani Kigoma hilo halikuwa gumzo la magazetini. Mwalimu wa darasa alimwona binti amekaa mlangoni kwao na mtoto mgongoni saa nne asubuhi, wenzake wako kwenye Civics, na hakuwa na la kumwambia.

Novemba 24, 2021, Magufuli akiwa amefariki Machi na Samia Suluhu Hassan akiwa madarakani, ni Ndalichako huyo huyo aliyesimama na kutangaza kwamba walioacha shule kwa sababu mbalimbali, ikiwemo mimba, wanaruhusiwa kurudi. Waraka ukatoka. Wizara ilikuwa ile ile, waziri yule yule, kauli imegeuka, na kilichokuwa kimebadilika kati ya hizo mbili ni Rais. Sisemi hivi kumsuta. Waziri anayepingana hadharani na Rais wake anaondoka, na anayebaki anabeba msimamo wa wote. Ila mwanafunzi wa chuo anayemwona kama mfano wa msomi aliyekwenda kubadili mambo aziweke tarehe hizo mbili pamoja na ile ya 2016, asichukue moja tu.

Kuomba kura nyumbani

Mwaka 2020 alirudi Kasulu kuomba ubunge wa jimbo. Kwa wasioijua Kigoma: huu si mkoa wa kupewa mtu mezani. Mwaka 2010 NCCR-Mageuzi ilipata majimbo manne nchi nzima, yote yakiwa ya Kigoma, Kasulu Mjini likiwemo kwa Moses Machali, na mwaka 2015 Zitto Kabwe akachukua Kigoma Mjini kwa chama kipya cha ACT-Wazalendo. Kasulu Mjini lilikuwa limerudi CCM mwaka 2015 kwa Daniel Nsanzugwanko, hivyo Ndalichako hakuanzia shimoni. Alishinda, katika uchaguzi ambao vyama vya upinzani viliyakataa matokeo yake nchi nzima.

Uprofesa hausaidii sana katika mikutano ya Murubona. Watu wanakusalimia kwa heshima, wanakuita mama, kisha wanauliza maji. Wanauliza lami. Wanauliza kwa nini kijana aliyezaliwa hapa anahojiwa uraia mara tatu akifuata kitambulisho cha taifa, kisa mpaka wa Burundi uko karibu na jina lake ni la Kiha. Hakuna aliyeuliza GPA. Barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu ilikuwa na fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, na umeme wa gridi ukafika mkoani mwaka 2022 tukaachana na majenereta. Mbunge yeyote wa CCM angesimama mbele ya miradi hiyo na kusema tumeleta. Kwa hiyo sehemu hii ya safari yake, ambayo kwa mwanasiasa wa kawaida ndiyo kubwa, kwangu inaonyesha machache kuhusu msomi. Inaonyesha zaidi kwamba uwaziri uliotangulia ubunge humrahisishia mtu njia ya kurudi nyumbani.

Kanuni ya mwisho: kikokotoo

Januari 2022 alihamishwa kutoka Elimu, akimwachia Profesa Adolf Mkenda, na kwenda Ofisi ya Waziri Mkuu kushika kazi, ajira, vijana na wenye ulemavu. Hifadhi ya jamii ilikuwa huko. Kwa hiyo kanuni mpya ya kukokotoa mafao ya wastaafu, maarufu kama kikokotoo, iliyoanza Julai 1, 2022, baada ya makubaliano ya serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi, ikawa yake kuieleza. Kwa mara nyingine mtu wa hesabu akasimama na fomula mbele ya umma.

Niifanye kwa mwalimu wa kubuni. Ametumikia miaka 30, yaani miezi 360, na wastani wa mshahara wake bora ni 900,000 kwa mwezi, sawa na 10,800,000 kwa mwaka. Kwa kanuni ya zamani ya watumishi wa umma unagawa kwa 540, unazidisha kwa 15.5, anachukua nusu kwa mkupuo: milioni 55.8, na pensheni ya 300,000 kila mwezi. Kwa kanuni ya 2022 unagawa kwa 580, unazidisha kwa 12.5, mkupuo ni asilimia 33: milioni 27.65, na pensheni ya mwezi inakuwa kama 374,000.

Serikali ilisema pensheni ya mwezi imepanda, na ni kweli, kwa shilingi 74,000 hivi. Sasa gawanya milioni 28.15 alizopunguziwa kwenye mkupuo kwa hizo 74,000. Utapata miezi kama 380. Aliyestaafu ana miaka 60 atafidia pengo lake akiwa na miaka 91 na ushee, na hapo hatujagusa mfumuko wa bei. Mfuko una hoja yake, kwamba kanuni ya zamani ingeukausha, na hoja hiyo si ya kubeza. Lakini chumba cha walimu hakikuhitaji shahada ya Alberta kuipiga hesabu hii. Walimu ambao mwaka 2016 walimpigia makofi kwa divisheni ndio waliokuwa wakituma hesabu hizi kwenye makundi ya WhatsApp mwaka 2022.

Bajeti ya Juni 2024 ilipandisha mkupuo hadi asilimia 40 kwa wale waliokuwa wakipata 50 zamani, na 35 kwa waliokuwa wakipata 25. Mwalimu wetu wa kubuni sasa anapata milioni 33.5. Mwaka huo huo Ndalichako akaachwa nje ya baraza la mawaziri. Ile 33 aliyoieleza imeshaondolewa. Madaraja aliyorudisha akiwa na mwezi mmoja tu kwenye kiti, D ya 30 na divisheni ya kwanza ya pointi 7 hadi 17, ndiyo ambayo NECTA iliendelea kuyatangazia matokeo.